Nimepungua kilo 13 kwa mazoezi lakini ndoo ya maji imenishinda

SWALI

Habari za kazi mwanangu, pole na majukumu. Mi ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Tabata na mume wangu na mjukuu wetu wa miaka minne ambaye mama yake anafanya kazi mkoani. Nimeona unavyowajibu wenzangu nikasema ngoja na mimi niandike, maana nimechoka kuuliza watu na kila mmoja ananipa la kwake.

Ilianza hivi, mwaka jana mwishoni nilienda kliniki nikapimwa nikakutwa na kilo 84 na urefu wangu ni sentimita 160, presha nayo iko juu, wakanianzishia vidonge viwili, kimoja ni kile cha kukojosha, daktari akaniambia mama fanya mazoezi. Nikajiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu, tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumanne na Alhamisi tunakimbia mdogomdogo kilometa nne au tano, Jumamosi ndo tunaenda mbali, nane mpaka kumi, huku tunaimba. Nikapenda mno. Alafu binti yangu akanilipia jimu, Jumatatu Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, nikaanza na vyuma vidogo, skwati yani kuchuchumaa na kuinuka, kuvuta, ile mashine ya kusukuma kwa miguu. Wengi kule ni watoto wa miaka ishirini na kitu ila wananiheshimu, wananiita bibi chuma.

Sasa kwenye kula ndo kuna mtihani. Kijana anayetufundisha pale aliniambia niache wanga kabisa, ugali wali chapati vyote niviweke pembeni, na niwe nafunga masaa 16 kwa siku, nile kuanzia saa sita mchana mwisho saa mbili usiku. Nikashika maana mi nikiambiwa kitu nashika. Asubuhi chai ya rangi tu bila sukari, iwe siku ya kukimbia au siku ya chuma ni hiyohiyo. Mchana nusu parachichi na papai. Usiku sahani ya mchicha au matembele na kipande kidogo cha samaki. Basi.

Kilo zimeshuka kweli, ndani ya miezi saba nimefika 71. Kanisani wote wananipongeza, nimepunguza magauni yote kwa fundi. Lakini mwanangu siko sawa. Mapaja yamesinyaa mpaka ngozi inaning'inia, ila kitambi kipo, kimepungua kidogo tu. Tukimaliza jogingi kichwa kinazunguka, nikiinuka ghafla kitandani naona giza. Usiku nakazwa na misuli ya mguu mpaka nampigia mzee kelele aniinue. Kule jimu mwezi wa tatu wa mazoezi nilikuwa naenda skwati na chuma cha kilo 20 mara kumi, sasa hivi kilo 10 nikifika ya sita magoti yanatetemeka.

Kilichonitoa machozi ni ndoo. Nyumbani maji tunachota kwenye simtanki la uani tunapeleka bafuni, ndoo ya lita 20, na nilipokuwa na kilo 84, mnene, presha juu, nilikuwa naibeba moja kwa moja. Wiki iliyopita nimeiweka chini mara mbili, ya pili nikakaa palepale kwenye ngazi ya jikoni, mjukuu akaja na kikopo chake cha plastiki akaanza kuchota kidogokidogo anapeleka yeye. Nikajiuliza sasa haya mazoezi nafanya ya nini.

Alafu nikisema nisile, saa tano usiku nimelala najikuta nimeenda kabatini nimekula biskuti pakiti nzima. Mume wangu naye analalamika tangu nianze hizi dayati hatuli pamoja, yeye ana sahani yake mi nina majani yangu.

Jirani anasema mtu mzima hapaswi kula sana mwili hauhitaji. Yule kijana anasema nikanunue kopo la unga wa protini, nimeuliza bei ni laki na nusu na zaidi, pensheni yangu unaijua. Naomba uniambie, siku ya kukimbia na siku ya chuma natakiwa nile sawa au tofauti? Na siku ya kupumzika je? Nile nini niwe na nguvu bila kurudi kwenye kilo 84?

Bibi Chuma, Tabata

JIBU

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hapo kwa mjukuu na kikopo nikaiweka simu chini kwanza. Nataka nikwambie mapema kabisa kwamba hujakosea kufanya mazoezi na hujazeeka ghafla ndani ya miezi saba, kilichotokea ni kwamba umeuongezea mwili kazi mara mbili, kukimbia na vyuma, na papo hapo ukaunyima chakula. Mwili ukatafuta pa kuchukua ukachukua kwenye mapaja.

Lakini kabla ya habari ya kula kuna jambo la wiki hii, naomba usilipite. Hicho kizunguzungu na giza ukiinuka sio lazima kiwe njaa. Dawa zako za presha ulipangiwa ukiwa na kilo 84, sasa una 71, unakimbia, unatoka jasho kwenye joto la Dar, na kidonge kimoja kinakutoa maji. Mtu akipungua hivyo presha nayo mara nyingi inashuka, kwahiyo kipimo cha dawa kilichokufaa mwaka jana kinaweza kuwa kikubwa leo. Usiache dawa mwenyewe, tafadhali sana, nenda kliniki uwaambie wakupime ukiwa umekaa alafu wakupime tena ukiwa umesimama dakika moja na dakika tatu, namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10 basi daktari ana la kufanya. Waambie pia kuhusu kukazwa misuli usiku wakupime madini ya potasiamu, maana dawa za kukojosha zinaweza kuipunguza, na uombe kipimo cha figo kinaitwa kreatinini. Cha figo nakitaka kwasababu nitakuambia uongeze protini, na mtu aliyeishi na presha muda mrefu bila kujua figo zinaweza kuwa zimeguswa, zikiwa na shida hesabu nitakazokupa hapa chini zinabadilika na mwenye neno ni daktari. Na ikitokea kifua kinabana wakati wa kukimbia, au umeanguka ukapoteza fahamu, hiyo hospitali ni siku hiyohiyo, hakuna kusubiri jibu langu.

Haya sasa tuingie jikoni.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya siku yako. Chai ya rangi ni sifuri. Nusu parachichi na papai, protini gramu mbili tatu. Mchicha tuseme gramu nne, kipande kidogo cha samaki tukipe gramu 20. Jumla haifiki hata 30. Mtu wa umri wako anayefanya mazoezi anashauriwa apate kama gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwako mwenye kilo 71 ni gramu 85. Yani unakula theluthi moja tu ya unachohitaji, alafu karibu yote iko usiku, mwili unakaa tangu usiku mpaka usiku wa pili bila kitu cha kujengea.

Na hapa ndo jirani yako anapokosea, ingawa namuelewa, wengi wanaamini hivyo. Ni kweli mtu mzima anahitaji chakula cha nguvu pungufu kidogo kuliko kijana kama hafanyi kazi nyingi. Ila protini ni kinyume chake. Misuli ya mtu mzima inakuwa mizito kusikia, ukiipa kidogo haishtuki. Kijana wa miaka 22 mwenye kilo zako akila gramu 17 hivi kwa mlo misuli yake inaanza kujengeka vizuri, wewe mpaka ufike gramu 28 hivi kwenye mlo mmoja ndo inaitika vilevile. Ndo maana kufuata mpangilio wa kula wa vijana wa pale jimu kutakuumiza, yule mwalimu hana nia mbaya na kwa kijana mwenye afya mambo hayo yanaweza yakaenda, ila wewe uko kwenye umri ambao mtu asiyefanya mazoezi anapoteza asilimia moja mpaka mbili ya misuli kila mwaka, huna cha kuchezea. Mtu akipungua kilo bila protini ya kutosha, robo hivi ya zile kilo zinaweza zisiwe mafuta kabisa bali nyama ya mwili. Kwenye kilo zako 13 ni kama kilo tatu, na ndo hizo ndoo inazitafuta.

Kwahiyo kanuni yangu kwako mama ni hii na naomba uishike kama ulivyoshika ile nyingine: protini haibadiliki siku yoyote, wanga unafuata kazi. Siku ya chuma, ya kukimbia, ya kupumzika, protini ni ileile mara tatu kwa siku. Kinachopanda na kushuka ni ugali, wali, viazi, uji.

Protini mara tatu sio lazima iwe nyama wala kopo la laki na nusu. Asubuhi mayai mawili ni gramu 12 au 13, glasi ya maziwa au mtindi ni 8, kiganja cha karanga ni 7, hapo umefika 28. Mchana maharage yaliyoiva kikombe kizima ni kama 15, ongeza dagaa wakavu kiganja kizuri, kama gramu 25 wakiwa bado hawajapikwa, ni 15 nyingine. Usiku samaki au kuku, kipande sawa na kiganja chako bila vidole, tuseme 25. Jumlisha hapo umefika 83. Dagaa nawapenda kwa ajili yako kwasababu nyingine pia, unawala na mifupa yao kwahiyo unapata kalisiamu, na mama aliyeshakoma hedhi mifupa yake inaihitaji. Kama meno yanasumbua, maana wengi hawasemi lakini wanaacha nyama kwasababu ya meno, dagaa watwange uweke kwenye mchuzi wa karanga na matembele yako, protini inabaki ileile. Ule unga wa kopo sio sumu, mara nyingi ni protini iliyochujwa kwenye maziwa tu, ungekuwa huna hamu ya kula kabisa ningekuambia ujaribu, lakini wewe unakula pakiti ya biskuti saa tano usiku, hamu unayo mama, ni chakula ndo hukijapata.

Sasa siku zako. Nianze na Ijumaa kwenda Jumamosi maana hapo ndo pameoza kuliko kote. Angalia, Ijumaa saa kumi jioni uko kwenye vyuma, unamaliza kwenye saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yake, masaa kumi na mbili tu baadae, unaanza kukimbia kilometa kumi. Katikati hapo umekula mchicha na kipande cha samaki. Mwili unaweka akiba ya wanga sehemu mbili, kwenye misuli na kwenye ini, vyuma vimeshakula ya misuli, usingizi unakula ya ini, na wewe hukurudisha chochote. Sasa ukiamka na ghala tupu ukaanza kukimbia, mwili unachoma mafuta ndio, ila ubongo unataka sukari kwahiyo unaanza kuvunja nyama yako mwenyewe utengeneze sukari humo. Unakimbia huku unabomoa ulichojenga jana yake jioni.

Ijumaa usiku ule. Ugali au wali ukubwa wa ngumi zako mbili, samaki wako, mboga zako, na usiogope, hiyo haiendi kitambini, inarudi ghalani na kesho asubuhi unaitumia barabarani. Jumamosi ukiamka kunywa glasi ya maji na ndizi mbivu moja au kipande cha kiazi kitamu cha jana, nusu saa kabla ya kutoka. Ukirudi usikae mpaka saa sita, ndani ya saa moja hivi kunywa uji, kula yale mayai na mtindi, mchana tena ngumi mbili za ugali na maharage na dagaa.

Jumanne na Alhamisi ni kilometa nne tano tu, hizo hazihitaji mbwembwe, ndizi moja kabla inatosha, kifungua kinywa kamili ukirudi, mchana na usiku ngumi moja moja ya wanga. Kuna watu wanakimbia dakika 30 bila kula na hawapati shida, wewe kwa sasa na hicho kizunguzungu sitaki.

Siku za chuma mlo unaobeba uzito ni wa mchana. Kula saa saba, ugali ngumi moja na nusu na maharage na dagaa wako, mpaka saa kumi masaa matatu yamepita tumbo jepesi na nguvu ipo. Ukihisi njaa saa tisa na nusu kula ndizi. Usiku samaki au kuku na kiazi, isipokuwa Ijumaa kama nilivyosema. Utasikia vijana wanasema ukichelewa nusu saa baada ya vyuma kula protini umepoteza kila kitu, sio kweli, misuli inaendelea kujengeka siku nzima mpaka mbili baada ya mazoezi, ndo maana na Jumapili ambayo hufanyi kitu protini naitaka vilevile mara tatu. Jumapili punguza wanga tu, ngumi moja mchana, usiku kipande cha kiazi.

Kufunga masaa 16 acha. Sio kwamba kufunga ni kubaya kwa kila mtu, ila mtu anayetakiwa kuingiza gramu 85 kwa siku kwa kuzigawa milo mitatu atazibanaje kwenye masaa manane na humohumo ana jimu. Na ile biskuti ya saa tano itaondoka yenyewe ukishiba mchana, usijilaumu kwa hiyo, ni mwili ulikuwa unadai.

Maji. Kiu ya mtu mzima inachelewa kuja, ukisubiri kiu umeshachelewa, kwahiyo glasi ukiamka, chupa ndogo ya nusu lita baada ya kukimbia kidogokidogo, na glasi kila mlo, labda kama kliniki walishakuambia upunguze maji kwasababu ya moyo au figo. Enaji na soda za barabarani baada ya jogingi usiziguse, kilometa kumi za mwendo wako maji na uji vinatosha.

Hapa niingize kitu kwa wengine wanaosoma, maana najua vikundi vya jogingi vina wazee wengi wenye sukari. Mwaka juzi tulikuwa na mzee mmoja kwenye kikundi chetu, mtu mzuri sana, mcheshi, asubuhi moja tumefika kama kilometa ya tatu akakaa kwenye ukingo wa barabara, fulana imelowa jasho lakini nikimshika mkono ni wa baridi, namuuliza mzee vipi anajibu maneno hayaeleweki. Kumbe alikuwa na sukari, alimeza glibenklamaidi yake, dawa ya kushusha sukari, alfajiri na hajala chochote tangu jana yake saa moja usiku, sukari ikashuka mno. Tulimpa soda ya kawaida yenye sukari akanywa polepole, baada ya dakika kumi na kitu akatutambua, tukampeleka hospitali. Kama unatumia hiyo dawa au sindano za insulini usikimbie na tumbo tupu hata siku moja, ongea na daktari wako kuhusu saa ya kumeza siku za mazoezi, na mfukoni weka pipi au glukosi. Wewe mama hukutaja sukari lakini ukienda kliniki pimwa na hiyo.

Kuhusu mazoezi yenyewe, wiki nne za mwanzo punguza kidogo. Alhamisi badala ya kukimbia tembea, chuma endelea mara tatu lakini kaa kwenye hizo kilo 10 bila aibu na upande taratibu kadri magoti yanavyotulia. Ukipima na kile kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, yani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na kwa waliofika 65 mazoezi ya kusimama imara siku tatu, wewe ulishavuka, tatizo lako halijawahi kuwa uvivu. Hayo ya kusimama imara anza tu sasa, simama mguu mmoja ukiwa umeshika meza wakati unapiga mswaki.

Na kama kuna sauti inakuambia umri umeshapita, mwaka 1990 kule Boston Marekani daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya vyuma vya miguu wazee wachache wa kituo cha kulelea wazee, watu wa miaka 90 hivi, wiki nane tu, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90 mama. Wewe ni binti kwao.

Mizani iweke chini ya kitanda kwa sasa. Kilo 71 kwa urefu wako sio mbaya kwa mama wa miaka 63, usikimbilie 60. Inawezekana kabisa ukala hivi mizani ikapanda kilo moja mbili wiki za kwanza, mwili ukijaza akiba ya wanga unashika na maji, usiogope ukarudi kwenye majani. Pima kiuno kwa futi ya fundi kila baada ya wiki mbili, ukiipitisha kitovuni, namba ikiwa inabaki palepale au inashuka huku chuma kinapanda basi uko njiani. Ikipanda, punguza wanga wa usiku wa siku za kawaida kwa nusu, usiguse Ijumaa na usiguse protini.

Na mzee nyumbani. Nimefurahi analalamika, wapo ambao wangenyamaza wakazoea. Hakuna haja ya vyungu viwili, ugali mmoja maharage mamoja samaki mmoja, tofauti ni wewe unapima kwa ngumi yako, na yeye kwa umri wake dagaa na mayai hayo yanamhusu vilevile. Rudini mezani, mchukue na mjukuu mumuweke katikati.

Kliniki uende kabla ya Jumamosi ijayo, hiyo Jumamosi usikimbie kwanza, tembea nao tu mpaka presha yako ijulikane. Nenda na vidonge vyote kwenye pakiti zake uwaonyeshe na uwaambie kilo ulizopungua, watu wengi wanasahau kusema. Alafu ndoo kwa sasa jaza nusu, lita 10, nenda mara mbili. Kila wiki ongeza kikopo kimoja cha yule mjukuu, na ukifika lita 20 bila kuiweka chini niandikie.